Nodi yako ya kwanza ya meshi: tafuta jirani kwanza, ruta baadaye

Haya wandugu, hili swali limekuja sana kutoka kwa watu wetu walioko huku Marekani ambao wameshapata leseni ya redio ya ridhaa, wameshanunua kile kiredio cha mkononi, wameongea kwenye ripita (kituo cha juu kinachorusha sauti yako mbali) mpaka wamechoka, sasa wanataka kujua hiyo meshi inayotajwatajwa, yaani mtandao wa redio zinazoungana zenyewe kwa zenyewe, inafungwaje nyumbani. Ntaeleza AREDN kwasababu ndo ninayoitumia. Zipo nyingine, zile za LoRa (viredio vidogo vya data kidogo) za kutuma meseji fupi fupi ni nzuri na ni rahisi kuanza nazo, lakini hapa tunaongelea data yenye spidi, ya kupitisha simu, kamera na mafaili.

Kwa ufupi AREDN ni femuwea ya bure, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa na kukiendesha, iliyojengwa juu ya OpenWrt (mfumo wa Linux wa ruta), unaipachika kwenye ruta au antena ya kawaida ya waifai, ya MikroTik au Ubiquiti au TP-Link au GL.iNet, na kile kifaa kinaacha kuwa ruta ya dukani kinakuwa nodi. Nodi ikisikia nodi nyingine kwenye chaneli ileile zinashikana zenyewe, hakuna mtu anayekaa kuzipangia njia, moja ikizima data inatafuta pa kupita kwingine. Hakuna kampuni wala bili ya mwezi. Na sio intaneti, hili nalirudia kwasababu kuna watu wanafunga nodi wakitegemea watakata laini ya nyumbani, hapana mzee, huu ni mtandao wa pembeni unaobaki hewani siku umeme na minara ya simu vikizimika. Mizizi yake ni Texas, enzi za HSMM-Mesh, mradi uliotangulia, watu walikuwa wanachakachua zile ruta za bluu za Linksys WRT54G, na mpaka leo pasiwedi ya kuanzia ya nodi mpya ni hsmm, utakutana nayo huko mbele.

Leseni, halafu mambo mawili ya sheria

Bila leseni usifunge. Masafa tunayotumia yako ndani ya bendi za redio ya ridhaa na sheria yake ni Part 97 ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Daraja la Technician linatosha kabisa: maswali 35, ukipata 26 umepita, mtihani wa alama za Mosi (Morse) uliondolewa kwenye madaraja yote tangu 2007, ada ya FCC ni dola 35 na juu yake kuna ada ndogo ya wasimamizi wa mtihani, leseni inakaa miaka 10. Na kitu ambacho wengi wetu hatuambiwi ni kwamba sio lazima uwe raia. Uwe na grinikadi au viza ya mwanafunzi ni sawa tu, mradi una anwani ya posta ndani ya Marekani na wewe sio mwakilishi wa serikali ya nje.

Sheria mbili ndo zinazowatatiza watu waliotoka kwenye waifai ya kawaida. Ya kwanza, hewani hairuhusiwi kuficha maana ya unachotuma, yaani hakuna kufunga meshi kwa pasiwedi ya WPA kama ya nyumbani. Ya pili, hakuna biashara. Kwahiyo usiingie benki kupitia meshi, usifanye kazi ya ofisi, wala usipange mambo ya kontena lako la kwenda Dar au Mombasa humo. Chukulia tu kwamba kila unachopitisha kinaweza kusomwa na mtu yeyote mwenye kifaa kama chako.

Jirani kabla ya ruta

Hapa ndo pa kukaa kidogo kwasababu ndo panapowaumiza watu wengi. Mtu anaona video, anaagiza vifaa, anapachika femuwea vizuri kabisa, anawasha, ukurasa unamwambia majirani: hakuna. Nodi nzima, mtu yuko peke yake.

Anza na ramani ya dunia ya AREDN, nodi nyingi zenye GPS zilizojazwa zinaonekana pale, angalia mtaani kwako na kwenye vilima na maghorofa yanayokuzunguka. Halafu nenda kwenye klabu ya redio ya eneo lako, hata kama wewe ndo mweusi peke yako mle ndani na wote ni wazee wastaafu, wale wazee ndo wenye funguo za minara. Waulize vitu vitatu: mnatumia chaneli gani, upana wa chaneli ni ngapi, na nodi iliyo karibu nami iko wapi na iko juu kiasi gani. Majibu hayo matatu yanakuchagulia kifaa, kwasababu kama wao wako 5 GHz na wewe umenunua cha 2.4 hamtakutana milele.

Kuhusu chaneli, ukiambiwa namba usiogope, kwenye 5 GHz hesabu ni rahisi: zidisha namba kwa 5 kisha jumlisha 5000. Chaneli 178 ni 5890 MHz, chaneli 180 ni 5900. Femuwea inakupa kuanzia 131 mpaka 184 na kule juu ndo watu wengi wanapapenda kwasababu waifai za majirani hazijajaa kama huku chini. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli zenye alama ya kutoa mbele, -1 na -2, ziko chini kabisa ya chaneli 1 ya waifai, na ya -2 ipo nje ya vurugu ya majirani zako, lakini chaguo ni dogo na huwezi kupanua.

Ukishajua nodi ilipo, swali linalobaki ni je, mnaonana? Na nikisema kuonana namaanisha kuonana kwa macho. Masafa ya juu namna hii hayapendi nyumba, hayapendi kilima, na yanauchukia mti. Fungua Google Earth, chora mstari kutoka kwako mpaka kwake, bonyeza ionyeshe mwinuko wa ardhi, uone kama kuna mlima katikati. Ila ile picha ni ya ardhi, miti na maghorofa haihesabu, kwahiyo inabidi upande mahali pa juu na darubini uangalie mwenyewe.

Na hata ukiona upande wa pili bado hujamaliza. Njia ya redio haiendi nyembamba mwanzo mpaka mwisho, katikati imetuna kama muhogo, na ule mtuno unatakiwa uwe wazi. Tuchukue umbali wa kilomita 4 kwenye 5.8 GHz: katikati ya njia mtuno una nusu kipenyo cha mita 7 hivi, na unatakiwa uache wazi angalau asilimia 60 ya hapo, yaani kama mita 4.3 chini ya mstari ulionyooka pasiwe na kitu. Ukienda kilomita 10 nusu kipenyo inafika mita 11 na kidogo, unahitaji karibu mita 7 wazi. Kwahiyo ule mwaloni wa jirani ambao kilele chake kinagusa tu mstari wako, wewe unaona umepita juu yake, redio inasema umekwama. Na usipime Januari ukafurahi. Miti huku inavua majani baridi ikija, njia inakuwa safi kabisa, halafu Juni majani yamejaa na mvua imenyesha juu yake unashangaa nodi imekatika na hakuna ulichogusa.

Ukikuta hamuonani usikate tamaa, kuna njia ya taneli ntaieleza. Lakini angalau ujue kabla hela haijatoka.

Cha kununua

Mimi naamini mtu wa kwanza anunue vifaa viwili, kimoja cha ndani na kimoja cha nje, na sio vyote siku moja.

Cha ndani ni MikroTik hAP ac lite, modeli RB952Ui-5ac2nD, kadude kadogo kenye poti tano, huwa kanauzwa kwenye dola 50 hivi, bei zinapanda na kushuka. Uzuri wake ni kwamba AREDN imeshaigawia kila poti kazi yake: poti 1 ni ya intaneti ya nyumbani, 2 mpaka 4 ni za laptopu na simu na vitu vyako, poti 5 ni ya kuunganisha nodi nyingine na inapeleka umeme kwenye kebo hiyohiyo, kwahiyo antena ya nje inakula humohumo. Ndani yake kuna redio mbili, ya 2.4 unaweza kuiacha iwe ya meshi na ya 5 ukaifanya waifai ya ndani ya kuunganisha simu yako. Hiyo waifai ya ndani ni waifai ya kawaida, iwekee pasiwedi.

Cha nje kinategemea majibu ya wazee wa klabu. Kama nodi iko karibu na unataka uwanda mpana kidogo, chukua SXTsq 5 au NanoStation. Kama iko mbali chukua sahani, LHG 5 ina dBi 24.5 (kipimo cha nguvu ya antena kukusanya ishara), inashika mbali sana ila mwali wake ni mwembamba, ukikosea nyuzi chache umemkosa mtu.

Na hapa naomba usome vizuri: usinunue kwa jina, nunua kwa modeli kamili yenye herufi zake zote. Mradi una orodha ya vifaa vinavyokubalika, ifungue kwenye simu ukiwa unaangalia eBay. Kwa mfano NanoStation Loco M5 zipo za aina mbili zinafanana sura, za zamani za XM zina RAM ya MB 32 tu na femuwea za sasa haziziwezi, za XW zina 64 na zinaenda. Muuzaji atakuandikia "Loco M5 nzuri kabisa" na hajadanganya, ni nzuri, kwa mtu mwingine. Muombe picha ya stika ya nyuma.

Vilevile angalia umeme. Vifaa hivi vingi vinatumia volti 24 za kupitia kebo ya mtandao kwa ile njia ya kizamani isiyouliza kitu, sio zile 48 za swichi za maofisini. hAP yenyewe inakubali kuanzia volti 10 mpaka 28, kwahiyo siku umeme umekatika betri ya gari inaiendesha, ila kumbuka volti unazoingiza ndo zitakazotoka poti 5, soma lebo ya antena ya nje kwanza kama inaridhika nazo.

Kebo ya kwenda nje iwe ya nje kweli, Cat5e yenye ngao na ganda la kustahimili jua. Ile nyeupe ya ndani inapasuka jua likiipiga.

Kupachika femuwea kwenye hAP

Sehemu hii inatisha watu bure. MikroTik haikubali femuwea ngeni kwa kupakia tu kwenye ukurasa wake, inabidi uilazimishe iwake kutoka kwenye kompyuta yako kupitia waya, halafu ikishawaka hivyo ndo unaiandika moja kwa moja.

Pakua mafaili mawili ya modeli yako kutoka kwenye tovuti ya AREDN. Moja lina neno kernel, hilo libadilishe jina liitwe rb.elf. Jingine linaisha na sysupgrade.bin, hilo liache lilivyo. Yaweke yote kwenye folda moja.

Kabla ya chochote zima waifai ya laptopu. Nasema tena, zima. Laptopu ikiwa na waifai na waya kwa pamoja itakuchanganya, utakuwa unafungua 192.168.1.1 unaona ruta ya nyumbani unadhani ndo nodi. Halafu kadi ya waya ipe IP ya kudumu 192.168.1.10, maski 255.255.255.0. Ni vizuri pia ukiweka kiswichi cha bei rahisi kati ya laptopu na ruta, kwasababu ruta inapozima na kuwaka laptopu huwa inaona waya umechomolewa inaachia IP, na kile kiswichi kinaizuia.

Kwa Linux tumia dnsmasq, amri ni hii, badilisha jina la kadi yako na jina lako na njia ya folda:

sudo dnsmasq -i eth0 -u jina --log-dhcp --bootp-dynamic --dhcp-range=192.168.1.100,192.168.1.200 -d -p0 -K --dhcp-boot=rb.elf --enable-tftp --tftp-root=/home/jina/aredn/

Kwa Windows kuna kiprogramu cha bure kinaitwa Tiny PXE Server, unakionyesha rb.elf unabonyeza kiwe hewani. Windows ikikuuliza kuhusu ukuta wa moto ruhusu, au uzime kwa muda huo, wengi wanakwama hapo hapo.

Sasa waya uingie poti 1 ya hAP. Chomoa umeme wa ruta. Bonyeza kitufe cha riseti na kitu chembamba, ukiwa umekishikilia rudisha umeme, endelea kushikilia. Usihangaike na taa, taa zinapepesa kila namna, macho yako yawe kwenye skrini ya laptopu. Baada ya sekunde kumi na kitu utaona ruta inaomba anwani, inapewa, halafu mstari unaosema rb.elf imetumwa. Hapo ndo unaachia kitufe. Usipouona ule mstari zima rudia, mara nyingi ni ukuta wa moto au umechomeka poti isiyo yenyewe.

Ikishatumwa funga ile programu, hamisha waya kutoka poti 1 kwenda poti 2, subiri dakika mbili tatu, fungua brauza uandike 192.168.1.1. Utaona ukurasa wa AREDN. Ingia kwa jina root na pasiwedi hsmm, nenda sehemu ya femuwea, chagua lile faili la sysupgrade.bin, pakia. Ukiishia kwenye rb.elf bila kufanya hii ya pili, ukizima umeme tu kila kitu kinapotea unarudi kwenye MikroTik ya kawaida. Wakati inaandika usiguse umeme, kanywe chai.

Antena za nje za MikroTik zinapachikwa kwa njia hiyohiyo, tofauti ni kwamba poti ni moja tu kwahiyo hakuna kuhama, na umeme unapita kwenye kile kiboksi cha PoE (kinachoingiza umeme kwenye kebo ya mtandao). Za Ubiquiti ni TFTP ya kawaida (njia rahisi ya kurusha faili kupitia waya), unaishikilia riseti mpaka taa zipepese kwa zamu, unarusha faili kwenda 192.168.1.20.

Jina, chaneli, na vitu vidogo vinavyosumbua

Ikiwaka upya utakuta inaitwa NOCALL na namba zake. Mipangilio ya kwanza ni jina na pasiwedi mpya. Jina lazima lianze na kolsaini yako (jina la redio linalokuja na leseni), halafu kistari, halafu neno lako: KOLSAINI-BARAZANI, KOLSAINI-PAANI, upendavyo, herufi na namba na vistari tu, usiweke nafasi. Kolsaini ikiwa mle ndani nodi inajitambulisha hewani yenyewe kama sheria inavyotaka, wewe huna haja ya kukumbuka kila dakika kumi.

Jaza mahali ulipo ili uonekane kwenye ramani, ila kama hutaki watu wajue nyumba yako weka njia panda ya karibu, inatosha. Kisha redio: chaneli na upana vilevile kama ulivyoambiwa na majirani. Upana ni 20 au 10 au 5 MHz, ukipunguza nusu unapata dB 3 zaidi za kusikika na unapoteza spidi, lakini huamui wewe, unafuata wenzako. Tofauti ya upana peke yake inatosha nodi mbili zinazotazamana uso kwa uso zisijuane.

Hifadhi, iwake upya. Kuanzia hapo nodi imejipa anwani ya 10 kitu kitu kitu, imeitengeneza kutoka kwenye MAC yake (namba ya kipekee ya kifaa) ili isigongane na ya mtu, na ile 192.168.1.1 imekufa. Rudisha laptopu kwenye IP ya kupewa, chomoa na uchomeke waya, fungua localnode.local.mesh.

Haifunguki? Sababu tatu za kawaida. Brauza yako imewekewa ile DNS ya siri inayouliza majina huko nje kwenye intaneti, na huko nje hakuna anayeijua .mesh, izime. Au brauza imelazimisha https, andika http mwenyewe mbele. Au hujazima waifai, nilikwambia.

Ya nne ni ya walio na intaneti ya kebo huku. Ruta nyingi za kampuni hizo zinagawa anwani za 10.0.0 ndani ya nyumba, na meshi nzima inaishi kwenye 10. Ukichomeka poti 1 kwenye ruta ya namna hiyo vinagongana na unapata matatizo ya ajabu ajabu, hiki kinafunguka kile hakifunguki. Ingia kwenye ruta ya nyumbani ubadilishe iwe 192.168 kitu. Dakika tano, unaokoa wikiendi nzima.

Kuna pia chaguo la kuruhusu wengine kwenye meshi watumie intaneti yako. Liache limezimwa. Watu wakipitisha mitandao yao ya kila siku hewani kwa kolsaini yako, anayejibu FCC ni wewe.

Kupandisha juu

Antena ya nje ipangie mezani kwanza, jina lake, chaneli yake, ione hAP kupitia poti 5 ikiwa mezani, ndo upande nayo. Kurekebisha kosa la jina ukiwa juu ya ngazi na laptopu kwenye goti sio raha.

Kutafuta mwelekeo: chukua dira au ramani upate upande, funga nusu, usikaze, fungua chati ya ishara ya jirani husika kwenye nodi. Ile chati ina sauti, ukiiwasha inapiga mlio unaopanda ishara ikipanda, kwahiyo macho yako yanabaki kwenye mikono. Zungusha taratibu sana, subiri, zungusha. Sahani ina mwali wa pembeni, unaweza kupata mlio mzuri ukadhani umefika kumbe ni ubavu wa mwali, pitiliza mpaka ushuke, endelea uone kama unapanda tena zaidi. Halafu fanya hivyo kwa juu na chini, watu husahau juu na chini. Mimi nikiona SNR (ishara ilivyozidi kelele, kwa dB) ya 20 na kuendelea nakaza bolti nashuka. Chini ya 15 itaunganika lakini simu itakatakata.

Nguzo ya nje iungwe ardhini, kanuni za umeme huku zinataka waya wa shaba usiopungua unene wa namba 10 AWG (kipimo cha unene wa nyaya) mpaka kwenye uardhi wa nyumba. Kebo kabla haijaingia ukutani iache ining'inie kidogo chini ya tundu ili maji ya mvua yadondokee hapo. Na nyaya za umeme za barabarani, kaa mbali nazo kuliko urefu wa nguzo yako yote.

Wapangaji wa ghorofani, ambao ndo wengi wetu, wekeni kwenye kibaraza, sio lazima paa. Kuiweka ndani nyuma ya kioo inawezekana, ila vioo vya nyumba mpya vina utando mwembamba wa chuma wa kuzuia joto na unakula 5 GHz vibaya. Jaribu dirisha likiwa wazi, kisha lifunge, uangalie SNR. Utaona mwenyewe.

Hakuna jirani? Taneli

Kama hamuonani na mtu, nodi inaweza kuungana na meshi kupitia intaneti, kwa WireGuard, programu ya kutengeneza njia iliyofungwa ndani ya intaneti, ndo hiyo taneli. Hapo hAP peke yake inatosha, antena ya nje haihitajiki. Chomeka poti 1 kwenye ruta ya nyumbani, mtafute mtu wa klabu mwenye nodi inayopokea mataneli, mpe jina la nodi yako kama lilivyo herufi kwa herufi, yeye atakupa anwani ya kwake, ufunguo na anwani ya mtandao, unavibandika kwenye ukurasa wa taneli unawasha. Hii inapita kwenye waya wa intaneti sio hewani, kwahiyo ile sheria ya kutoficha haiigusi.

Maoni yangu: taneli ni nzuri kwa kujifunza na kuonana na watu, ila intaneti ikikata na wewe umekata. Uiwashe leo, huku ukiendelea kumtafuta jirani wa hewani.

Ishapata majirani, sasa?

Weka simu. Simu za IP za mezani zilizotumika, za Grandstream au Yealink au Cisco SPA, maofisi wanazitupa, zinapatikana bei ya chini sana. Chomeka poti 3, nenda kwenye nodi uipe anwani isiyobadilika, fanya hivyo na mwenzako, halafu kwenye simu piga IP yake moja kwa moja. Hakuna seva katikati, hakuna akaunti, inaita. Mitaa mingi pia ina Asterisk ya klabu (programu ya kuunganisha simu) inayotoa namba fupi, omba yako. Baada ya hapo wengine wanaweka kamera ya kuangalia barabara, wengine Raspberry Pi (kikompyuta kidogo) ya kuchatia, wengine barua za Winlink (barua pepe za redio). Usiweke vyote, kila kitu unachokitangaza kinaonekana na wote na kinakula njia ya wenzako.

Na usasishe femuwea. Mtandao umehama kutoka OLSR kwenda Babel, yaani lugha ambayo nodi zinatumia kupangiana njia imebadilika, kwahiyo nodi ya mkono wa pili uliyoikuta na femuwea ya miaka iliyopita inaweza kuwaka vizuri kabisa isione mtu hata mmoja.

Kwa mlioko nyumbani

Vifaa ni vilevile, femuwea ileile, sheria tofauti. Tanzania leseni inatoka TCRA na kolsaini zinaanza na 5H, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano na 5Z, Uganda UCC na 5X, zote ni mamlaka za mawasiliano za nchi hizo. Walioko Oman kuna chama chao, Royal Omani Amateur Radio Society, kolsaini za A4. Wote hao wako Kanda ya 1 ya ITU (shirika la dunia la mawasiliano), na kwenye Kanda ya 1 bendi yetu ya sentimita 5, yaani hii ya 5 GHz, inaishia 5850 MHz wakati Marekani inaenda mpaka 5925. Yaani chaneli 178 niliyoitolea mfano pale juu kwenu iko nje ya bendi kabisa, na hata 170, ambayo katikati yake ni 5850 kamili, nusu imeshatoka. Ukiwa na upana wa 20 MHz mwisho wako ni chaneli 168, tena baada ya kusoma masharti ya leseni yako yanaruhusu kipande gani. Na leseni ya FCC ya mjomba aliyeko Houston haikufuniki, akija likizo na nodi kwenye begi aombe kibali cha hapo kwanza.